Nilivyochagua Turubai la Pikapu ya Digodigo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Karatu kwa miguu kutoka Rhotia, cherehani ya mkono nikiwa nimeibeba kichwani, kwa sababu barua ya kuniita kazini ilisema niende na vifaa vyangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilijua kushona sare za shule, magauni ya kipaimara na mapazia ya kanisa, na nilidhani naitwa kushona mapazia ya zahanati. Karani aliyenipokea akanielekeza nyuma ya jengo, kwenye banda refu la mabati lililonuka grisi. Humo hamkuwa na mtu ila miguu miwili iliyotokeza chini ya gari.

"Shikamoo," nikaiamkia ile miguu.

"Marahaba. Nani?"

"Paskalina, fundi cherehani. Nimeambiwa nimwone Mkuu wa Karakana."

Akajivuta kutoka chini ya gari, mwanamume mfupi mwenye ovaroli ya buluu, akafuta mikono taratibu huku akiitazama cherehani yangu.

"Umewahi kushona turubai?"

"Hapana. Mimi nashona nguo."

"Basi hujaenda mbali. Gari nalo linavaa. Tofauti yake, halikwambii linapobanwa kwapani."

Huyo ndiye Mkuu wa Karakana. Tulimwita Mkuu, na hapa nitaendelea kumwita hivyo. Alikuwa Mpare, ufundi aliupata kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Karakana yetu ilihudumia magari ya zahanati: za huku Karatu, za bondeni upande wa Baray, na zile za mbali kabisa, Sale na Digodigo. Jina la shirika lililotuajiri nitaliacha, maana halipo tena.

Ninyi mnaoendesha magari ya watalii leo, yenye vioo vya kupanda na kushuka kwa kidole, huenda hamjui kwamba karakana ilikuwa na fundi wa vitambaa. Tulikuwepo. Nilishona viti vilivyochanika, mifuko ya spana, vifuniko vya injini vya kuzuia baridi ya asubuhi. Kazi ngumu ilikuwa turubai. Sindano ya kawaida haipenyi. Unatumia shazia, ile sindano nene ya magunia, na kiganjani unavaa kipande cha ngozi cha kuisukumia. Mwezi wa kwanza ngozi ile haikunisaidia sana. Nilikuwa nakula ugali kwa mkono wa kushoto, na mama yangu alinigombeza kwa hilo hadi alipouona mkono wa kulia.

Mkuu alinifundisha tabia za turubai kama mtu anayenitambulisha kwa ndugu yake. Turubai la pamba likilowa linavimba, nyuzi zinabanana na kuziba njia ya maji. Likikauka linalegea, hewa inapita. Kwa hiyo na uzi wa kushonea uwe wa pamba, ili nao uvimbe na kuziba tundu la sindano. Ukitumia nailoni, kila tundu litabaki wazi. Kabla ya kukata, unalilowesha na kulianika mara mbili, la sivyo mvua ya kwanza italipunguza na halitafika tena kwenye ndoano zake. Na lingine: turubai lililolowa usiliguse kwa ndani. Ukiligusa hata kwa ncha ya kidole, maji yatafuata palepale. Ndiyo maana chini yake panawekwa matao ya bomba, ili mizigo na vichwa vya watu visilifikie.

Mwaka wangu wa tatu tuliletewa pikapu mpya kwa ajili ya njia ya Digodigo. Nyuma ilikuwa wazi, bodi tupu. Njia yenyewe ilikuwa hivi: unatoka Karatu kwenye udongo mwekundu, unapita geti la Lodoare, unapanda msitu hadi ukingo wa kreta ambako ukungu hulowesha nguo hata pasipo mvua, kisha unashuka Malanja na kuingia tambarare za vumbi jeupe jepesi kama unga, hadi Malambo, na hatimaye Sale na Digodigo kwenye mifereji na mashamba. Mara nyingine gari lilelile lilishushwa Baray, kwenye joto la kuyeyusha lami. Kwenda lilibeba dawa, chanjo kwenye sanduku la barafu, na maziwa ya unga ya watoto. Kurudi lilibeba wagonjwa. Kwa hiyo pikapu hiyo ilihitaji kifuniko cha kuhimili mvua, ukungu, jua na vumbi, na vyote hivyo ndani ya siku moja.

Kila mtu alikuwa na lake. Mganga Mkuu, mzee wa suti ya kaki aliyependa vitu vigumu, alitaka banda la bati lifungwe juu ya bodi. Dereva wa njia ile, Lohay, kijana wa Endabash, mpole na mwenye subira, alitaka karatasi ya nailoni kwa sababu ni nyepesi na yeye ndiye angeifunga na kuifungua. Mimi nilitaka turubai, lakini nilijua nalitaka kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mkuu aliniita. "Utachagua wewe," akasema. "Lakini usichague kwa maneno. Na ukishachagua, utaweka sahihi."

Nikatengeneza vijisanduku vitatu vya mbao. Kimoja nikakifunika kwa nailoni, kingine kwa bati, cha tatu kwa turubai nililolipaka nta. Kila kimoja nikakitia chumvi kwenye karatasi, unga wa ngano, chupa tupu ya dawa ya sindano na mshumaa. Lohay akavifunga nyuma ya pikapu, akaenda navyo safari tano, moja ya Baray na nne za Digodigo. Kila akirudi nilivifungua mbele ya Mkuu na kuandika nilichokiona.

Nailoni ilizuia mvua vizuri, ila ilitoa jasho. Kwenye baridi ya ukingo wa kreta unyevu wa ndani uligeuka matone, chumvi ikayeyuka bila tone moja la mvua kuingia. Safari ya nne ilipasuka pembeni, pale upepo ulipoipigapiga. Bati liliiacha chumvi kavu, lakini vumbi lilipenya kwenye maungio, chupa ilivunjika kwa mtikisiko, na baada ya Baray mshumaa ulilala kama mnyoo. Kwenye turubai unga ulipata unyevu kidogo kwenye kona moja, kosa la mshono wangu. Mshumaa ulisimama. Chupa ilikuwa nzima.

"Andika turubai," nikamwambia Mkuu.

"Andika wewe."

Nikaandika, nikaweka sahihi.

Nililishona kwa wiki tatu. Nta niliinunua kwa watu wa Baray wenye mizinga, nikaiyeyusha na mafuta ya kitani, nikaipaka ingali moto kwa brashi, tabaka mbili nje na moja ndani. Mishono yote niliikunja mara mbili na kuielekeza chini, maji yasipate pa kukaa. Matao manne ya bomba, pembeni kamba ya katani kwenye ringi za shaba, na nyuma pazia moja la kukunjwa juu na kufungwa kwa mikanda ya ngozi, ili walio ndani wapate hewa. Lilikuwa zuri. Mganga Mkuu alimwaga ndoo nzima ya maji juu yake, akaingiza mkono chini na kuutoa mkavu. Akasema, "Haya," neno ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa.

Miezi mitatu dawa zilifika kavu. Nilipopita sokoni Lohay alikuwa akiwaambia watu, huyu ndiye aliyelivisha gari. Sitasema uongo, nilivimba kichwa.

Kisha masika yakaingia. Lohay alipelekwa Sale kumchukua mama mjamzito, Veronika, ambaye uchungu ulianza na kukatika kwa siku mbili. Alisindikizwa na mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba wa Digodigo, na muuguzi wetu, Nasieku, binti wa Kimasai wa upande wa Nainokanoka, ambaye kwa ushupavu sikumwona wa kumfikia. Wote watatu walikaa nyuma, juu ya godoro. Veronika alikuwa anahisi joto, basi Nasieku akalikunja pazia la nyuma lote juu ili apate upepo. Ndivyo nilivyokusudia litumike.

Yaliyotokea alinisimulia Lohay mwenyewe. Tambarare walipita salama. Walipoanza kupanda kutoka Malanja mvua ilikuwa nzito, gari linakwenda kwa gia ya kwanza, injini inanguruma. Karibu na ukingo wakakuta lori limekwama kwenye tope katikati ya njia. Lohay akazima gari, akazunguka nyuma kuwaambia kwamba watasubiri. Akamkuta Nasieku ameegemea tao, macho wazi lakini hajibu. Bibi alikuwa ametapika. Veronika alikuwa hana fahamu.

Aliwatoa mmoja mmoja, akawalaza kwenye majani, mvua ikiwanyeshea. Watu wa lori wakaja na mashuka kuwafunika. Nasieku ndiye aliyezinduka kwanza. Alitambaa hadi kwa Veronika, akamgeuza ubavu, akaanza kumpiga vibao vidogo mashavuni na kumwita jina. Baada ya muda Veronika akavuta pumzi ndefu na kulia kama mtu aliyeamshwa kwa ghafla. Nasieku alimwambia Lohay kwamba aligonga bodi kuomba asimame, tena mara nyingi, lakini hakusikika.

Kilichowalaza ni moshi wa gari. Hapo mwanzo sikuelewa. Bomba la moshi lilikuwa nyuma, pazia lilikuwa wazi, hewa tele. Moshi ungewezaje kukaa ndani?

Kesho yake, walipokwisha kufikishwa Karatu, nilikwenda wodini. Veronika alikuwa amelala, bado hajajifungua, na daktari hakutaka kuahidi chochote. Bibi alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Nikamwamkia na kumpa pole.

"Wewe ndiye uliyeishona ile nguo ya gari?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole.

"Ndiyo, bibi."

"Ni nzuri. Mvua haikuingia hata kidogo." Akamtazama mkwewe. "Ilitufunika kama watu waliokwisha kufa."

Hakusema kwa hasira.

Nilirudi karakana nikachukua karatasi, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea Mkuu. Aliisoma akiwa amesimama.

"Maji yaliingia?" akauliza.

"Hapana."

"Basi ulijibu swali ulilopewa. Nilikuuliza namna ya kuhifadhi mzigo. Watu sikuwataja, na ninajua gari lile linabeba watu. Kwa hiyo barua ni mbili, yako na yangu, na zote mbili hazitamsaidia yule mama." Akaikunja ile karatasi na kunirudishia. "Keshokutwa gari linakwenda Digodigo. Wewe utakaa nyuma, kwenda na kurudi."

Asubuhi ya safari nilimkuta Nasieku tayari yumo ndani ya pikapu, juu ya masanduku. Alikuwa amepewa siku tatu za kupumzika.

"Dada, wewe si umepewa mapumziko?"

"Nitapumzika huku. Kule ndani nimeshapita mimi. Siwezi kukuacha uende ukajifunze peke yako."

Nilikuwa nimechukua vipande vya kitambaa chepesi, vilivyobaki kwenye gauni la mtu. Nikavifunga kwenye kila tao, na vingine kwenye ukingo wa nyuma. Pazia tukaliacha wazi. Nilitarajia upepo uvipeperushe kuelekea nyuma, kwa kuwa gari linakwenda mbele. Mara tulipotoka Karatu vikageuka vyote na kuelekea mbele, kwenye kibini ya dereva, vimenyooka kama vidole.

Kwenye tambarare niliona kwa macho. Vumbi lilipanda nyuma ya magurudumu, likajikunja, likaingia ndani kama linavutwa kwa kamba. Gari linapokwenda huacha nafasi tupu mgongoni mwake, na hewa hukimbilia kuijaza. Turubai langu lilikuwa limeifungulia mlango. Tulipofika Malambo sisi wawili tulikuwa weupe kama tumetoka kwenye mashine ya kusaga. Watoto walituzunguka wakicheka, nasi tukacheka nao.

Kurudi, kwenye mlima ule, hatukucheka. Niliisikia harufu, kisha baada ya muda sikuisikia tena, na hilo ndilo la kuogopa. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikaona usingizi mtamu, usio na sababu. Nikamtazama Nasieku, naye akawa ananitazama, ananipima. Akalifunga pazia kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akaanza kugonga kioo cha kibini kwa jiwe alilobeba makusudi. Safari hii Lohay alikuwa ametega sikio. Akasimama.

Tuliketi kando ya njia kwenye ukungu. Nilitapika, nikanawa. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, na nililielewa kama mshonaji wa magauni, si kama fundi wa magari. Nilikuwa nimeshona gauni lisilo na shingo. Lina pindo tu. Hewa yake yote ilikuwa inaingilia chini, kwenye uchafu.

"Tundu liwe mbele," nikamwambia Nasieku. "Juu ya kibini, mahali upepo ulipo safi. Na nyuma pafungwe."

"Na mvua?"

"Mvua nitaishonea mfuko."

Tulipofika Karatu nikamweleza Mkuu. Hakuuliza sana. Alichukua chaki akachora kwenye sakafu, nikamfutia, nikachora vingine, akanifutia. Siku mbili tulitembea juu ya michoro yetu. Mwishowe nikashona kofia mbili za turubai juu ya kibini, midomo yake ikitazama mbele. Ndani ya kila kofia nikaweka kizuizi kilichosimama: maji yakiingia yanagonga pale na kutiririka nje kwa tundu dogo, lakini upepo unapanda juu yake na kuingia kwa abiria. Pazia la nyuma nikalibadilisha, likawa mapande mawili yanayopandana kwa upana wa viganja viwili na kufungwa kwa mikanda sita. Mkuu naye akalirefusha bomba la moshi na kulipindisha litokee pembeni, mbali na mlango. Nasieku akaleta kengele ya ng'ombe kutoka boma la baba yake, kengele nzito ya shaba. Tukaitundika ndani ya kibini, karibu na sikio la Lohay, na kamba yake tukaipitisha hadi nyuma.

Siku ya kujaribu, Mkuu alivua saa yake, akampa karani, akapanda nyuma pamoja nami. Tulikwenda hadi ukingoni na kushuka hadi Malanja, tukageuza, tukapanda mlima uleule kwa gia ya kwanza. Mvua ilinyesha kama tumeiagiza. Vipande vyangu vya kitambaa vilielekea nyuma, vyote, polepole. Mkuu alikaa amevitazama. Tulipofika juu akaivuta kamba, kengele ikalia, gari likasimama.

"Kuna nini, Mkuu?" Lohay aliuliza akija mbio.

"Hakuna kitu. Nilitaka kujua kama unasikia."

Tuliporudi alibandika karatasi kwenye mlango wa karakana: kifuniko chochote cha gari la kubeba watu kisitoke hapa kabla fundi aliyekishona hajakaa chini yake mlima mzima, kwenda na kurudi. Alitia sahihi yeye, akanipa kalamu nami nitie.

Veronika alijifungua siku ya tisa tangu afikishwe Karatu, mtoto wa kike mdogo sana, aliyekataa kunyonya siku ya kwanza na akabadili nia siku ya pili. Walipokaribia kuruhusiwa, gari lililokuwapo la kuwarudisha lilikuwa lilelile. Bibi alisema waziwazi kwamba nyuma haendi. Lohay akamweka mbele. Veronika alinitazama, akatazama turubai, akaniuliza, "Wewe unakwenda?"

"Nakwenda."

"Utakaa wapi?"

"Nyuma, na wewe."

Akapanda. Nasieku hakuwepo safari hiyo, kwa hiyo nilikuwa mimi tu na mama na mtoto, na sijawahi kuwa na safari ndefu kama ile. Kwenye mlima Veronika alianza kutetemeka. Nikamwonyesha vile vitambaa, nikamwambia vikigeuka kuelekea mbele avute kamba, asinisubiri mimi. Alivitazama njia nzima, mkono kwenye kamba, na mimi nikampakata mtoto. Mvua ilikuwa inapiga juu yetu, na chini ya turubai palikuwa pakavu na pana harufu ya nta na maziwa. Karibu na Olduvai mkono wake uliiachia kamba. Nilishtuka, nikainama kumtazama. Alikuwa amelala usingizi wa kawaida, anakoroma kidogo.

Malambo tulisimama kunywa chai. Bibi aliteremka, akaja nyuma, akafungua mkanda mmoja, akaingiza kichwa. Alivuta hewa kwa pua, mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. Akamtazama mkwewe, akamtazama mjukuu kwenye mapaja yangu. Kisha akasema, "Sogea," akapanda. Kutoka Malambo hadi Sale tulikuwa wanne humo ndani.

Baada ya hapo nilifanya kazi hiyo miaka mingi. Mkuu alihamishiwa Arusha, akaja mwingine, kijana aliyesoma, aliyetuita wote "ndugu" na kutaka kila kitu kiwe cha bati. Sikubishana naye. Nilimwomba apande nyuma ya gari lenye banda la bati kwenda Baray mwezi wa kumi. Alirudi amelowa jasho, akasema, "Mama Paskalina, shona turubai." Tulielewana vizuri baadaye. Yeye ndiye aliyenipeleka Loliondo miezi sita, na Mbulu mwaka mzima, kufundisha mafundi wengine kofia zile za mbele.

Halafu ikaja miaka ya shida, baada ya vita, madukani hakuna kitu. Turubai jipya hatukuliona kwa miaka. Tulipaka nta juu ya nta. Nilitia viraka kwa magunia ya ngano, nikavichovya kwenye nta hadi vikawa vigumu kama ngozi. Gari moja lilikuwa na viraka vingi hata usijue turubai lenyewe liko wapi, lakini halikuvuja. Kipindi hicho nilijifunza kwamba kutunza ni zaidi ya nusu ya kuchagua. Turubai likikunjwa likiwa bichi linaoza kwa wiki mbili. Likianikwa vizuri na kukaushwa kivulini litakuvusha miaka kumi. Madereva waliolitunza niliwajua kwa majina, na wasiolitunza pia.

Nilistaafu wakati zahanati zilipoanza kuletewa magari yaliyofungwa kiwandani, yenye kitanda na vioo. Ni magari mazuri. Sina kinyongo nayo. Siku ya kuniaga, Mganga Mkuu wa wakati huo, mwanamke kijana, aliniuliza mbele ya watu kwa miaka yote ile nilishona vifuniko vingapi. Nilivyovikumbuka vizuri ni viwili tu, kile cha kwanza nilichokikosea na kile cha pili nilichokaa chini yake.

Vijana huniuliza sasa, hasa wanaonunua pikapu za kubebea vitunguu na karoti: Mama, nichukue kifuniko gani, cha plastiki ngumu, cha kukunja, cha turubai? Ninawajibu kwa kuwauliza. Utapita wapi? Utabeba nini? Na kama siku moja utambeba mtu? Wengi husema hawatabeba mtu. Mimi huwaambia watambeba, kwa sababu barabara za kwetu hazimpi mwenye gari nafasi ya kukataa. Mama atasimamishwa njiani ana uchungu, mzee ataumwa shambani, na gari litakalokuwepo ni la kwako.

Ninaishi Rhotia, nyumba inayotazama mlimani. Naiona mvua inavyoanzia msituni na kushuka taratibu hadi mashambani. Majirani wakiiona hukimbilia kuanua nguo na mahindi. Mimi pia huanua vyangu, lakini kwanza nasimama kidogo mlangoni nikitazama ile barabara ya kreta, nikijiuliza nani yuko njiani saa hii, na amefunikwa na nini.